Kimyakimya, mimbari za Mwanza zinauacha msalaba

Kila yanapozuka mabishano kuhusu mahubiri ya siku hizi, watu wa Mwanza hukimbilia kwenye maji ya upako, mafuta, chumvi na vitambaa vya kuombea. Hayo yanaonekana kwa macho, na kuyakemea ni rahisi. Msomi huyacheka, padri huyaonya, na mchungaji wa kanisa kongwe hushukuru kwamba kwake hayamo. Lakini pita barabarani kutoka Buzuruga mpaka Pasiansi mwanzoni mwa mwaka, usome mabango yaliyofungwa kwenye nguzo na miti. Semina ya kuvuka ng'ambo. Kongamano la kanuni za mafanikio. Wiki ya kufungua milango ya uchumi. Jinsi ya kujitambua na kufikia ndoto yako. Mengi ya mabango hayo hayahusiani na nabii yeyote mwenye chupa ya mafuta. Yamewekwa na makanisa yenye heshima zake, yenye kwaya nzuri na wazee wa kanisa waliobatizwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Ndiyo maana naona tunaiangalia hali hii kwa upande usio wake. Nabii wa mafuta ana mwisho wake. Akikosea hesabu, waumini humkimbia, na serikali humfungia. Kinachonisumbua ni mahubiri ya kawaida ya Jumapili, ya mtu mwaminifu asiyemwibia mtu, ambayo unaweza kuyasikiliza tangu somo mpaka sala ya mwisho usisikie kwa nini Yesu alikufa. Hoja yangu ni kwamba msalaba ndio unaopaswa kuwa kitovu cha mahubiri ya Kikristo. Mafunzo ya kujiendeleza nayataka, na nayaheshimu. Yakikaa mahali pa msalaba, yanawageuka watu walewale yaliyokusudia kuwasaidia, na hapa Kanda ya Ziwa yanawageuka vibaya zaidi, kwa sababu nitakazozieleza.

Kuna jambo tunalolisahau wakati wa kubishana. Ziwa hili lina historia yake ya mahubiri ya msalaba, na historia hiyo haikuwa ya watu walegevu. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Urafiki wao ulikuwa moja ya chemchemi za Uamsho ulioenea miaka ya 1930 Rwanda na Uganda, ukateremka mpaka Bukoba, na baadaye ukafika sehemu kubwa ya Tanganyika. Wimbo wa Tukutendereza ambao bado unaimbwa kwenye misiba na mikesha yetu umetoka huko. Ujumbe wao ulikuwa mmoja na waliurudia bila kuchoka: damu ya Yesu inasafisha, njoo nuruni, sema ulichofanya.

Na waliposema walichofanya, walikwenda kukirekebisha. Hilo ndilo linalopaswa kuwashtua wanaodai kwamba mahubiri ya msalaba hayana faida ya leo. Walokole wale, kama watu wa Uamsho walivyoitwa, walirudisha ng'ombe, baiskeli na mali za waajiri wao. Walilipa madeni yaliyokuwa yamesahauliwa hata na waliowadai. Mume alipiga magoti mbele ya mkewe kuomba msamaha, jambo ambalo ukoo mzima uliona ni aibu. Hakuna aliyewapa semina ya uadilifu. Mtu aliyeamini kwamba dhambi yake imelipiwa kwa gharama kubwa namna ile hakuwa na sababu tena ya kuficha sufuria aliyoiba kwa jirani. Kutoka kwenye mkondo huo alitokea Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba, aliyeliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alitokea pia Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 na kufika kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, akauawa Februari 1977 kwa kuusema ukweli mbele ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere, mtu wa Uamsho vilevile, alikimbilia uhamishoni, kisha akatamka hadharani kwamba amemsamehe Amin. Anayesema mahubiri ya msalaba huzaa watu wa kukunja mikono na kungojea mbingu ajibu kwanza hili la Luwum.

Basi nini kilibadilika? Sidhani wachungaji waliamka siku moja wakaamua kuiacha injili. Uchumi ulibadilika, na mimbari ikaufuata. Vijana wa miaka ya sabini walikuwa na ushirika wa pamba, walikuwa na viwanda vya umma kama kile cha nguo cha MWATEX, na aliyemaliza shule alitarajia barua ya ajira. Miaka ya themanini na tisini vitu hivyo viliyumba, vingine vikasimama, vingine vikabinafsishwa. Sangara, samaki aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, akaleta viwanda vya minofu na fedha za Ulaya, kisha naye akapungua, na watu wa mwalo wanajua jinsi viwanda vilivyopunguza zamu. Kila mmoja akaachwa ajipiganie: bodaboda, machinga, mama lishe, wakala wa miamala ya simu. Katika hali hiyo likaja fundisho lililokomaa Marekani kwa watu kama E. W. Kenyon na Kenneth Hagin, kwamba imani ina kanuni zake, na anayezitamka kwa usahihi atapokea. Likachanganyika na maneno ya wahamasishaji wa kwenye simu. Likamwambia kijana wa Igoma jambo la kutia moyo sana kulisikia: ufunguo uko mkononi mwako. Halikumwambia kwamba nyuma ya maneno hayo kuna mashtaka yanamsubiri, kwamba mlango usipofunguka, kosa ni lake.

Nichukue andiko moja, kwa sababu hapo ndipo jambo lenyewe linaonekana vizuri. Hakuna andiko linalopendwa zaidi huku kwetu kuliko Luka sura ya tano. Linatuhusu: ziwa, mitumbwi, nyavu, watu waliokesha wakarudi mikono mitupu. Yesu anamwambia Simoni, "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki." Nimelisikia likihubiriwa mara nyingi, na karibu mara zote mahubiri huishia kwenye mstari wa saba, vyombo viwili vikijaa mpaka vinataka kuzama. Hapo vyombo vya muziki hupanda, na watu huambiwa wamgeukie jirani na kumwambia mwaka huu ni wa nyavu kujaa. Lakini Luka hakuishia hapo. Katika mstari wa nane Petro anaanguka magotini pa Yesu na kusema, "Ondoka kwangu, kwa maana mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Samaki wako miguuni pake, mzigo ambao tajiri yeyote wa soko la samaki la Kirumba angeupigia simu usiku uleule, na yeye anaona dhambi yake. Halafu mstari wa kumi na moja: wakaviegesha vyombo pwani, wakaacha vyote, wakamfuata. Mzigo mkubwa kuliko yote waliyowahi kuvua wakauacha ufukweni. Hadithi hii inamhusu Yesu ni nani na Petro ni nani, na mwisho wake ni Petro kuondoka kwenye biashara. Anayeikatisha katikati ameipa hadithi mwisho mwingine, na hata akiikatisha kwa nia njema, msikilizaji amenyimwa sehemu iliyokuwa imebeba wokovu.

Maandiko mengine ya aina hiyo yamepatwa na jambo hilohilo. Mawazo ya amani ya Yeremia 29:11 waliandikiwa watu waliokuwa uhamishoni, mstari mmoja baada ya kuambiwa kwamba kabla ya kurudi kwao itapita miaka 70. Wengi waliosoma barua ile walizikwa Babeli. Kauli ya Paulo kwamba Kristo aliyekuwa tajiri alikuwa maskini kwa ajili yetu imo katika sura ambayo yote inawaomba Wakorintho watoe mchango kwa wenye shida. Ukisoma kwa utulivu unaona mkono unaonyoshwa kutoa, na sisi tumefundishwa kuona mkono unaonyoshwa kupokea.

Niwatendee haki wa upande wa pili, maana wana hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba kanisa la zamani lilitumia msalaba kuwafunga watu midomo. Maskini aliambiwa avumilie, mke aliyepigwa aliambiwa aubebe msalaba wake, mfanyakazi aliyedhulumiwa akaonyeshwa mbingu. Hayo yalitokea na bado yanatokea, na hakuna haja ya kuyatetea. Hoja ya pili ni kwamba Biblia yenyewe imejaa mafundisho ya kazi, akiba na busara. Mithali inampeleka mvivu kwa mdudu chungu. Paulo anamwambia mwizi asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake apate kitu cha kumgawia mhitaji. Tatu, mchungaji wa Buhongwa anayewatazama vijana wake wakiwa na vyeti bila kazi hawezi kuwahubiria kana kwamba hajui walivyolala. Akiwafundisha kutunza vitabu vya mauzo, anafanya kazi ya upendo.

Hoja hizi nazikubali karibu zote, na bado sioni kwamba zinafika pale zinapotaka kufika. Msalaba uliotumika kumnyamazisha aliyepigwa ulikuwa umehubiriwa kwa uongo, kwa kuwa msalaba unamhukumu kwanza mpigaji. Ama kuhusu Paulo na mwizi, angalia agizo hilo liko wapi: ni sura ya nne ya Waefeso. Sura tatu za kwanza zote ameeleza Mungu alichofanya ndani ya Kristo, kwamba tulikuwa wafu kwa makosa yetu, kwamba tumeokolewa kwa neema, kwamba waliokuwa mbali wameletwa karibu kwa damu yake. Baada ya hayo ndipo anaposema usiibe, fanya kazi. Mpangilio huo una sababu: mwizi anaacha wizi kwa kuwa amekuwa mtu mwingine, na faida ya kazi yake inakwenda kwa mhitaji, wala haimfanyi mfano wa kuigwa jukwaani. Na kanisa la ukanda huu halikungoja semina za mafanikio ndipo lijali maisha ya watu. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana karibu mji mzima, ni ya Kanisa Katoliki. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Nyegezi. Makanisa mengine nayo yana shule, zahanati na vyuo vya ufundi pande zote za ziwa. Elimu ya kujiendeleza ina madarasa, ina walimu, ina vikoba, ina siku sita za wiki. Inaweza kupata nafasi yake kamili bila kuichukua nafasi ya pekee ambayo mtu anasikia kwamba amesamehewa.

Kuna hoja nyingine mbili ambazo ni dhaifu ingawa ndizo zinazotajwa kwa sauti kubwa. Moja ni ya umati: viwanja vya Furahisha vinajaa, kwa hiyo Mungu yumo. Injili ya Yohana sura ya sita imeshalijibu hilo, tena kando ya ziwa. Watu elfu tano walishiba mikate, wakataka kumfanya Yesu mfalme kwa nguvu, naye akajitenga mlimani peke yake. Kesho yake aliposema habari za mwili wake na damu yake, wengi wa wanafunzi wake wakarudi nyuma. Kama umati ungekuwa kipimo, Yesu aliharibu kazi siku ile. Nyingine ni kwamba msalaba ni wa wageni, wa siku ya kuokoka, na aliyekomaa anahitaji hatua inayofuata. Lakini Paulo alipowaandikia Wakorintho, "Maana naliazimu nisijue neno lo lote kwenu ila Yesu Kristo, naye amesulibiwa," alikuwa anawaandikia washiriki wa kanisa waliokwisha kubatizwa, wenye karama nyingi, wakaao katika mji wa bandari na biashara, wanaopenda wasemaji hodari na kushindana kwa hadhi. Dawa aliyowapa watu wenye hamu ya kupanda juu ilikuwa msalaba uleule walioanza nao.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya niandike kwa uchungu. Mahubiri ya kujiendeleza hayana neno kwa mtu aliyefanya kila kitu sawasawa na akaanguka, na kando ya ziwa hili watu wa namna hiyo ni wengi. Fikiria biashara ya dagaa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na mapato husimama. Wakitua, lazima waanikwe siku hiyohiyo, mchangani au kwenye chanja. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza, na mzigo uliokuwa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Mama mmoja mchuuzi ninayemfahamu alinyeshewa hivyo mzigo alionunua kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Aliamka mapema, alisali, alitoa zaka, aliweka hesabu zake kwenye daftari. Jumapili ile akasikia mimbarini kwamba mwenye imani hapati hasara, na kama umepata hasara chunguza wapi ulivunja kanuni. Aliniambia alikaa akijichunguza mpaka ibada ikaisha, asione kitu. Tangu hapo amehamia viti vya nyuma, karibu na mlango.

Yesu aliletewa habari za maafa, naye akataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu, sivyo, kisha akawaita wote waliomsikiliza watubu. Sisi tuna MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya wahanga wake kule Igoma. Tuna MV Nyerere, iliyopinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua zaidi ya watu 220, wengi wao wakitoka mnadani na mizigo yao, watu waliokuwa wanahangaikia maisha hasa kama semina zinavyowataka. Hakuna kanuni ya mafanikio unayoweza kuisoma kwenye makaburi ya ajali hiyo kule Bwisya, Ukara. Mungu aliyetundikwa mtini, aliyelia kwamba ameachwa, unaweza kumtaja pale bila kuona haya.

Kuna jambo baya zaidi. Fundisho likisema kwamba mafanikio ni haki ya kila mwenye imani, kufeli kunadai maelezo. Maelezo ya kwanza ni kwamba wewe huna imani. Mtu akishindwa kuubeba mzigo huo, anapewa maelezo ya pili: kuna aliyekufunga. Kuna aliyeiba nyota yako. Na hapa kwetu, nani atatafutwa? Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Shangazi asiyeolewa. Mjane anayeishi pembeni ya boma. Usukumani tunaijua njia hii inakoishia. Vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, hasa miaka ile kuanzia 2006, kwa sababu mtu fulani aliahidiwa kwamba viungo vyao vingeleta samaki wavuni au dhahabu kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji. Sisemi kwamba wahubiri wa semina waliwatuma wauaji. Hilo lingekuwa uzushi. Nasema mimbari inayofundisha kwamba umaskini wako una adui mwenye jina inalima shamba lilelile la waganga wa ramli, na mkoa wetu ungepaswa kuwa wa mwisho kulilima. Msalaba unakata mzizi huo. Unasema adui mkubwa ameshashindwa, laana imebebwa na mwingine, na dhambi ya kwanza ya kushughulikia ni yangu mimi. Uliyekuwa unamtuhumu bibi yako, umeitwa umwombe msamaha.

Upande wetu sisi tunaoutetea msalaba una kosa pia. Mahubiri mengi ya msalaba yamekuwa ya mazoea, maneno yaleyale ya Ijumaa Kuu yaliyosemwa kwa sauti ileile, hayamgusi mtu aliyekaa benchini akiwaza rejesho la kesho. Kuhubiri msalaba maana yake ni kumweleza mwenye deni kwamba thamani yake mbele za Mungu haikushuka mzigo ulipooza, na kumweleza mwenye kukopesha kwa riba ya kukausha watu, ambaye huenda amekaa kiti cha mbele, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi hiyo na anamtaka kama Zakayo, arudishe. Kumwambia kijana afanye kazi kwa bidii bila kuamini kwamba bidii itamwokoa. Mahubiri ya namna hii yanahitaji maandalizi makubwa kuliko kanuni saba za kufika kileleni, kwa sababu mhubiri lazima awajue watu wake.

Kwa vitendo, ningeanza na ushuhuda. Makanisa yetu humpa kipaza sauti aliyepata gari, kiwanja, visa, mtoto. Tumshangilie, ni haki yake. Lakini mwite pia yule mama wa dagaa kabla deni halijaisha, aeleze nani amemshika mkono, na kama hakuna aliyemshika, kanisa lijue wiki hiyo lina kazi gani. Mwite aliyerudisha fedha za watu. Mwite aliyekwenda kijijini Magu au Sengerema kumtaka radhi mzee aliyemsingizia. Wachungaji nao wafungue madaftari yao ya mahubiri ya mwaka mzima, watazame ni Jumapili ngapi msikilizaji angeweza kuondoka akijua kwa nini Yesu alikufa. Na wazee wa kanisa, wanapopanga semina ya Januari, wamwalike mtaalamu wa biashara afundishe biashara Jumamosi asubuhi ukumbini, kwa kalamu na daftari, kisha Jumapili wamwachie mchungaji mimbari, ahubiri Luka 5 mpaka mstari wa kumi na moja.